Asiye na simu alifutwa: makosa ya fomu, madirisha na majedwali ndani ya Excel



Mimi ni agronome, siko informaticien. Kule chuo kikuu tulisoma udongo, magonjwa ya mimea, ufugaji na takwimu kidogo. Kompyuta tuliizoea zaidi wakati wa kuchapa mémoire. Lakini ukifika kazini, watu wanakuangalia na kusema: "Weye uko mwenye kusoma, ututengenezee kitu kwenye mashini." Ndivyo ilivyonikuta mimi, kwenye kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa kando ya ziwa Kivu. Nilitengeneza fomu ya kupokea kahawa ndani ya Excel. Ilikuwa nzuri kwa macho: rangi ya kijani, vitufe vikubwa, jina la kikundi juu. Na kwa muda wa mwezi mzima ilikuwa inawaibia watu bila mimi kujua.

Ninaandika ili mwenzangu asirudie makosa yangu. Najua wengi kati yenu mnatengeneza fomu za namna hii: kwa kikundi cha mbegu, kwa depo ya dawa, kwa masomo ya watoto, kwa kanisa. Makosa ninayoeleza hapa hayana uhusiano na kahawa. Yanapatikana popote penye fomu, dirisha la swali na jedwali.

Kwanza mjue kazi yenyewe

Mkulima anachuma matunda mekundu ya kahawa na kuyaleta siku ile ile kwenye stesheni ya kuosha. Hayawezi kulala, juu yakilala yanaanza kuchacha na ladha inaharibika. Kwa hiyo wote wanafika mangaribi, kwa mstari, kila mtu na mfuko wake. Mizani inasoma kilo, karani anaandika boni yenye nakala mbili: moja ya mkulima, nyingine inabaki ndani ya kitabu. Halafu karani wa kompyuta anaingiza boni ndani ya fomu. Kila siku 15 tunatoa jumla na tunalipa.

Siku moja ya malipo, mama mmoja mzee alifika na boni zake zimefungwa ndani ya kitenge. Mimi nikaangalia jedwali, nikamwambia: "Mama, ulileta mara tatu."

Akafungua kitenge. "Mutoto wangu, mi nilileta mara tano. Angalia, makaratasi iko tano."

Nikamjibu kwa kiburi kile cha mwenye diplome: "Mama, mashini haina uongo."

Akanitazama tu. "Mashini haina uongo. Lakini ule mwenye aliisomesha, aliisomesha nini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Usiku ule nilichukua kitabu cha boni na jedwali, nikalinganisha namba moja moja. Boni 23 zilikosekana. Nilipotazama ni za nani, nikaona jambo la ajabu: wote 23 walikuwa watu wasio na simu.

Kosa la 1: mstari mtupu ambao si mtupu

Fomu ikibonyezwa "Andika", programu inapaswa kutafuta mstari wa kwanza ulio mtupu chini ya jedwali, na kuweka boni pale. Ukifungua mahali pa programu kwa Alt+F11, utakuta watu wengi wameandika hivi, nami niliandika vile vile:

mstari = Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1

Maana yake: nenda mpaka mstari wa mwisho kabisa wa Excel (ni wa 1 048 576 tangu Excel 2007), ndani ya safu ya kwanza, panda juu mpaka ukutane na kitu kilichoandikwa, kisha shuka mstari mmoja. Ni njia nzuri. Tatizo ni safu ya kwanza yenyewe. Mimi niliweka nini pale? Namba ya simu, juu tulifikiri siku moja malipo yatapitia simu.

Sasa fikiria. Mama asiye na simu anaandikwa kwenye mstari wa 48. Safu ya kwanza inabaki tupu. Anakuja mkulima anayefuata. Programu inapanda kutoka chini, inapita mstari wa 48 kama hakuna mtu, inagusa wa 47, inashuka mmoja: 48. Inamwandika huyu mpya juu ya mama. Hakuna kelele wala alama nyekundu. Kilo zake zimeenda.

Boni zake tatu zilizobaki zilipona namna gani? Bahati tu ya kompyuta: mama alikuwa wa mwisho siku hizo, na kesho yake asubuhi mwenzangu alikuwa anaandika alama ya kufunga siku kwa mkono, chini ya jedwali, kwenye safu ile ya kwanza. Alama ile ilimkinga.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza: safu unayotumia kutafuta mstari iwe ya kitu ambacho hakiwezi kukosekana hata mara moja. Kwetu ni namba ya boni. Na fomu ikatae kuandika kama namba ya boni haipo:

If Trim(TxtBoni.Text) = "" Then
LblUjumbe.Caption = "Namba ya boni haijaandikwa"
TxtBoni.SetFocus
Exit Sub
End If

Dawa ya pili ni bora zaidi: fanya eneo lile kuwa jedwali la kweli la Excel (Insertion, kisha Tableau), ulipe jina, na uiachie Excel yenyewe iongeze mstari:

Set m = Worksheets("Mapokezi").ListObjects("TMapokezi").ListRows.Add
m.Range(1, 1).Value = TxtBoni.Text

Hapo hutafuti tena mstari mtupu. Unaomba mstari mpya, unapewa. Jedwali la kweli lina faida nyingine pia: ukipanga majina kwa alfabeti, mistari yote inahama pamoja. Mtu akichagua safu moja tu ndani ya eneo la kawaida na kuipanga, majina yanahama na kilo zinabaki palepale. Excel inauliza kabla, ndiyo, lakini nani anasoma?

Msifikiri ni sisi tu wa vijijini tunaopoteza mistari. Mwaka 2020, nchini Uingereza, wagonjwa 15 841 wa Covid-19 walikosekana kwenye hesabu ya taifa kwa siku kadhaa. Habari zilizotolewa wakati ule zilieleza kwamba matokeo yalikuwa yanapitia aina ya zamani ya faili la Excel, ile inayoishia mstari wa 65 536. Yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Jedwali halilii likipoteza mtu. Ni wewe unayepaswa kulihesabu.

Kosa la 2: koma inayokula kilo

Baada ya kusahihisha mistari nilifikiri nimemaliza. Kumbe bado. Jumla ya kilo kwenye jedwali ilikuwa ndogo kuliko jumla ya kitabu, kila siku, hata siku ambazo boni zote zilikuwepo.

Tulikuwa na makarani wawili. Mmoja alifuata mizani, inayoonyesha 12.5 kwa nukta. Mwingine alifuata shule, sisi tulifundishwa 12,5 kwa koma. Kwenye programu niliandika:

kilo = Val(TxtKilo.Text)

Sasa jueni hili: Val inajua nukta peke yake. Ikikutana na koma, inasimama pale pale. Ukiipa 12.5 inakupa 12,5 kamili. Ukiipa 12,5 inakupa 12. Nusu kilo imebaki mlangoni.

Hesabu ya mkulima mmoja: kaleta 12,5, halafu 8,7, halafu 15,9, halafu 9,4. Jumla ya haki ni kilo 46,5. Kwa mashini yangu ikawa 12 na 8 na 15 na 9, yaani 44. Kilo 2,5 zimepotea. Na ona ubaya wake: kosa hili haliongezi hata siku moja, linapunguza tu. Tarakimu baada ya koma ni 0 mpaka 9, wastani wake ni 4,5. Kwa hiyo kila boni inapoteza karibu gramu 450. Boni 100 ni kama kilo 45. Kazi ya mikono ya mtu kutoka asubuhi.

Dawa: geuza koma kuwa nukta kabla ya kitu chochote, halafu kataa kila kisichokuwa tarakimu. Val haigombani na mtu: ukiiandikia "1O" kwa herufi O badala ya sifuri inakupa 1, ukiiandikia neno inakupa 0. Kwa hiyo lazima wewe ugombane kwa niaba yake:

t = Replace(Trim(TxtKilo.Text), ",", ".")
If t = "" Or t Like "*[!0-9.]*" Or t Like "*.*.*" Then
LblUjumbe.Caption = "Kilo haisomeki, andika upya"
Exit Sub
End If
kilo = Val(t)

Kisha weka mpaka. Mtu mmoja habebi kilo 300 kichwani. Tuliulizana na makarani mfuko mkubwa kabisa unafika wapi, tukaweka mpaka juu kidogo. Kikipita, fomu inauliza. Siku ya kwanza tu ilimkamata mtu aliyetaka kuandika 18,5 akaandika 185.

Kosa la 3: tarehe inayopinduka

Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani wanaandika mwezi, siku, mwaka. Excel yako inaweza kuwa ya Kifaransa kabisa, lakini lugha ya programu iliyo ndani yake, ukiipa tarehe kama maandishi na kuimwaga ndani ya seli, inasoma kama Mmarekani. Ukiandika 05/04/2023 ukitaka tarehe 5 mwezi wa nne, seli inakupa tarehe 4 mwezi wa tano.

Kinachodanganya watu ni kwamba 25/04/2023 inapita vizuri, juu hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo tarehe za kuanzia 13 ziko sawa, na zile za mwanzo wa mwezi zimepinduka. Unajaribu fomu yako tarehe 20, unaona inafanya kazi, unalala usingizi. Kwetu, kahawa ya siku za kwanza za mwezi wa nne ilikwenda kujificha ndani ya miezi mingine, na malipo ya siku 15 hayakuiona.

Dawa: usiandike tarehe kama maandishi. Weka visanduku vitatu vya kuchagua, siku, mwezi na mwaka, halafu uunganishe mwenyewe:

d = DateSerial(CboMwaka.Value, CboMwezi.Value, CboSiku.Value)

Halafu onyesha tarehe ile kwa maneno kwenye fomu, kwa Format(d, "d mmmm yyyy"), ili karani asome "5 avril 2023" kabla ya kubonyeza. Jina la mwezi halipinduki. Mtu atasema: si uchukue tu tarehe ya kompyuta? Unaweza, kama kompyuta yako ina pili nzima. Yetu, umeme ukikatika na betri ikiisha, inaamka ikifikiri iko miaka mingi nyuma.

Tabia hii ya Excel ya kugeuza vitu kuwa tarehe ni maarufu mpaka kwenye maabara. Waliosoma biolojia watapenda hii: kuna jeni za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1, na Excel ilikuwa inazigeuza kuwa tarehe za mwezi wa tatu na wa tisa. Wataalamu wanaosimamia majina ya jeni wakachoka, wakabadilisha majina yenyewe: leo ni MARCHF1 na SEPTIN1. Mwanasayansi ndiye aliyetangulia kuhama.

Na namba za simu nazo: ukiziingiza kama hesabu, sifuri ya mbele inakufa. Fanya safu ile iwe ya maandishi kabla ya kuandika: weka muundo wake "@".

Kosa la 4: dirisha la Oui na Non

Karani wangu alikuwa anabonyeza Entrée baada ya kila kitu. Kilo, Entrée. Jina, Entrée. Mimi nikaongeza dirisha baada ya kila boni: "Imeandikwa vizuri!" na OK. Boni 150, OK 150. Unajua mkono unajifunza nini? Unajifunza kwamba dirisha ni kitu cha kufukuza, si kitu cha kusoma.

Halafu dirisha la kufuta. Niliuliza: "Unataka kufuta?" Oui, Non. Kwa kawaida kitufe cha kwanza ndicho kinachopokea Entrée, yaani Oui. Karani akigusa "Futa" kwa bahati mbaya, Entrée yake ya mazoea inamalizia kazi.

Tulibadilisha mambo matatu. La kwanza, madirisha ya sifa tuliyaondoa. Mahali pake tuliweka mstari mdogo chini ya fomu unaosema: ya mwisho boni 0312, mwanachama K-047, kilo 12,5, jumla ya leo kilo 640,5. Karani anauangalia kwa jicho na kuendelea. La pili, dirisha la hatari linataja kitu chenyewe, na Entrée inaangukia Non:

j = MsgBox("Kufuta boni " & boni & ", kilo " & kilo & "?", vbYesNo + vbDefaultButton2)
If j <> vbYes Then Exit Sub

La tatu ndilo lililotuokoa zaidi: hatufuti tena. Boni ikiwa na kosa tunaandika "imevunjwa" ndani ya safu ya hali, pamoja na sababu. Jumla inahesabu zile zilizo hai tu. Mkulima akiuliza, tunamwonyesha. Daftari la karatasi lilikuwa hivyo tangu zamani: unapiga mstari, husuguwi mpaka karatasi itoboke.

Kosa la 5: jina moja, watu wanne

Kwetu Bahati ni wangapi? Furaha je? Fomu yangu ilitafuta mtu kwa jina. Halafu kwenye karatasi ya malipo nilitumia RECHERCHEV bila kuweka kipande cha mwisho. Ukikiacha, Excel inafikiri unataka jibu la karibu, na inategemea orodha iwe imepangwa. Ikiwa haijapangwa, inaweza kukupa mtu mwingine kabisa kwa uso mkavu. Ongeza FAUX mwishoni:

=RECHERCHEV(B2;TWanachama;3;FAUX)

Sasa asipopatikana, inaandika #N/A. Wengi wanaogopa #N/A. Mimi leo naipenda: ni mashini inayokubali kusema "huyu simjui". Afadhali hiyo kuliko kumlipa asiyehusika.

Na mtu apewe kodi yake, K-001, K-002, iliyoandikwa kwenye kadi. Kwenye fomu, kisanduku cha kuchagua kifungwe ili karani achague tu kutoka kwenye orodha, asibuni: Style yake iwe fmStyleDropDownList. Jina na kijiji vinajitokeza pembeni, karani anavisoma kwa sauti, mkulima anaitika "ndiyo". Hata asiyejua kusoma anakagua boni yake kwa masikio.

Kosa la 6: vidole viwili na msalaba mwekundu

Mashini ikiwa nzito, karani anabonyeza "Andika", anaona kimya, anabonyeza tena. Boni mbili. Hapa ni kikundi kinachopoteza, na mwisho wa msimu ni wakulima wote. Weka CmdAndika.Enabled = False mwanzoni mwa kazi, na uirudishe True mwishoni, na pia pale unapotoka njiani kwa kosa, la sivyo kitufe kitabaki kimekufa. Lakini ulinzi wa kweli ni namba ya boni: kabla ya kuandika, hesabu kama iko tayari.

If WorksheetFunction.CountIf(safuBoni, TxtBoni.Text) > 0 Then

Kama iko, kataa. Boni moja, mstari mmoja.

Na ule msalaba mwekundu juu ya dirisha: mtu akiubonyeza katikati ya kazi, fomu inafungwa na yaliyoandikwa yanaenda. Kuna mahali pa kuuzuia, panaitwa UserForm_QueryClose. Pale unaandika kwamba kama CloseMode ni vbFormControlMenu na kilo bado ziko kwenye kisanduku, Cancel iwe True.

Kosa la 7: kunyamazisha mgonjwa

Hili ndilo la aibu kuliko yote. Mwanzoni, programu ilikuwa inasimama mara kwa mara na dirisha la kosa namba 13, aina hazilingani. Makarani waliogopa, walinipigia simu usiku. Nikatafuta dawa ya haraka, nikaweka juu kabisa:

On Error Resume Next

Maana yake: ukikutana na kosa, ruka, endelea. Simu za usiku ziliisha. Nikasifiwa. Kumbe nilimfunga mgonjwa mdomo na kusema amepona. Wandugu agronomes, tunajua: jani likianza kuwa la njano, hupaki rangi ya kijani. Unachimba, unaangalia mzizi. Badala yake weka On Error GoTo, na mahali pa kosa uandike namba ya kosa, saa na boni kwenye karatasi nyingine ya faili, kisha umwambie karani kwa lugha yake: "Boni hii haikuandikwa. Iweke pembeni."

Namna ya kujaribu kabla watu hawajaumia

Nilijaribu fomu yangu na mkulima mmoja wa kubuni: ana jina, ana simu, kilo 20, tarehe 20. Huyo hawezi kukamata kosa lolote. Leo kabla ya kutoa fomu ninaingiza watu saba: asiye na simu, wawili wa jina moja, mwenye kilo 12,5 kwa koma, mwenye 12.5 kwa nukta. Mwenye boni iliyokwisha kuingizwa. Na mmoja wa tarehe 5 ya mwezi. Kisha ninahesabu mistari kwa kidole.

Na kila mangaribi namba tatu zinalinganishwa: idadi ya boni ndani ya kitabu na idadi ya mistari, jumla ya kilo ya kitabu na jumla ya jedwali, boni ya mwisho na ile ya jana. Dakika kumi. Zisipolingana, hatulali. Faili linahifadhiwa kama .xlsm, juu ukilihifadhi kama .xlsx programu yote inaachwa nje, na nakala inawekwa kwenye USB.

Kama unatumia simu na KoboToolbox badala ya Excel, masharti ni yale yale. Safu ya constraint inakuwekea mpaka wa kilo, required inakataa boni tupu, select_one inafunga orodha. Chombo kinabadilika, swali halibadiliki: ni nani ataumia kama kisanduku hiki kikibaki kitupu?

Mwisho

Tulirudia boni zote kutoka kitabu. Wale waliopunjwa kwenye malipo ya kwanza tuliwatafuta mpaka nyumbani. Wengine hawakujua kwamba walipunjwa. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Walikuwa wameamini mashini kuliko mgongo wao uliobeba mfuko. Muzee mmoja boni zake zililoa mvua, hazisomeki. Nakala za kitabu zikamtetea.

Yule mama nilimpelekea pesa za boni mbili mwenyewe. Nikamwomba msamaha. Alihesabu, akafunga ndani ya kitenge, akasema: "Sasa nenda uisomeshe muzuri."

Ninaendelea kuisomesha. Siku hizi safu ya kwanza ya jedwali ni namba ya boni, na safu ya simu iko mwisho kabisa, na inaweza kubaki tupu bila mtu kufutwa. Mwenye ametengeneza fomu mahali popote, leo jioni afungue jedwali lake, atafute mtu wake asiye na simu, aone kama bado yupo.